Jibu: Kompyuta inaamka ikiwa imelala, ikizimwa kabisa haiitiki

Mkuu, unataka kuiwasha kompyuta kwa ishara inayotumwa kupitia mtandao (Wake-on-LAN), hata ukiwa kazini. Kama ikiwa usingizini inaamka, basi anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) na programu unayotumia kutuma ishara havina shida. Achana navyo. Izime kompyuta, kisha chungulia kitaa kidogo pale kebo ya mtandao inapochomekwa. Kikiwa kimezimika, mara nyingi kadi ya mtandao haipati umeme, kwa hiyo ishara haina wa kuipokea. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijaanza), zima ErP (kipengele cha kubana umeme kompyuta ikiwa imezimwa) na uruhusu kuamshwa kwa mtandao.

Kitaa kikiwaka na bado kimya, nashuku ule uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup). Ndio unaosumbua wengi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima tena ujaribu.

Kuhusu kuiamsha ukiwa kazini: ishara ni baiti 102 tu, baiti ya FF mara 6 kisha anwani ya MAC mara 16, na hurushwa kwa vifaa vyote vya mtandao wa ndani. Ruta nyingi haziiruhusu kupenya kutoka nje. Tafadhali usifungue njia ya kuingilia kutoka nje kwenye ruta kwa ajili hiyo. Ingia kwenye mtandao wa nyumbani kwa VPN (njia salama ya kuunganishwa nao ukiwa mbali), uitume kutoka kwenye ruta yenyewe kama ina uwezo huo.