Kitabu cha Zamani cha Baruti: Kipimwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza maktaba katika chuo kinachofundisha uchimbaji madini na kazi za machimbo ya kokoto hapa Geita. Tumepewa zawadi ya kitabu kikubwa cha marejeo kuhusu baruti za kibiashara, kilichochapishwa Marekani katika miaka ya 1960. Mwalimu mmoja anataka wanafunzi waanze kukitumia mara moja. Mwingine anasema kimepitwa na wakati na kinaweza kuleta maafa. Naomba unieleze namna ya kukipima kitabu cha aina hii.

JIBU: Ndugu msomaji, walimu wako wote wawili wana hoja, kwa sababu kitabu cha namna hiyo huwa na sehemu mbili zisizozeeka kwa kasi moja. Sehemu inayoeleza tabia ya mwamba, kwa maana ya jinsi mshindo unavyopita ndani ya jiwe, kwa nini jiwe hupasuka kuelekea upande ulio wazi, na jinsi nafasi kati ya shimo na shimo la kutia baruti inavyoamua ukubwa wa vipande, bado inaweza kufundishwa leo. Sehemu inayoeleza bidhaa, vifaa vya kuwashia na taratibu za usalama ndiyo inayotakiwa kuchunguzwa kwa jicho kali.

Kabla ya yote, usiuamini mwaka uliochapwa kwenye jalada peke yake. Vitabu vya marejeo hutoka toleo baada ya toleo, na mara nyingi sura za zamani hubebwa kama zilivyo. Kwa mfano, nitrogliserini, ambayo ndiyo roho ya dainamaiti aliyoipatia Alfred Nobel hataza mwaka 1867, huganda kwenye nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi, na vitabu vya kale vilitumia kurasa nyingi kuonya juu ya dainamaiti iliyoganda. Hata hivyo, viwanda vilikwisha anza kuchanganya kemikali za kuzuia kuganda kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa hiyo, ukikuta maelezo marefu ya jambo hilo katika kitabu cha miaka ya 1960, ujue maandishi yake ni ya zamani kuliko karatasi yake. Kwa upande wetu, tatizo kubwa la stoo ni joto: punje za amoniamu naitreti, chumvi inayotumika kutengenezea baruti, hubadilika umbo la ndani zinapovuka nyuzi 32, na zikipanda na kushuka hivyo mara kwa mara huvunjika au kushikamana mabonge. Kitabu kisichogusia jambo hilo hakikuandikwa kwa ajili ya nchi ya joto.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni majedwali. Chagua mstari mmoja unaotaja kasi ya mlipuko wa baruti fulani, kisha uangalie kama mwandishi ameeleza kipenyo cha shimo au cha bomba lililotumika kupimia, na kama baruti ilikuwa imebanwa au iko wazi. ANFO, yaani mchanganyiko wa amoniamu naitreti na mafuta ulioenea migodini kuanzia miaka ya 1950, inaweza kupita mita 4,000 kwa sekunde katika shimo pana la mgodi wa wazi, lakini kasi hiyo hushuka sana katika shimo jembamba kama yale ya wachimbaji wadogo. Tarakimu moja iliyoachwa bila masharti yake inampotosha msomaji hata kama ilipimwa kwa uaminifu. Vivyo hivyo kuhusu nguvu ya baruti: asilimia inayotajwa ni ya kulinganisha na baruti gani, na ulinganisho huo ni kwa uzito au kwa ujazo? Vitabu vya zamani vingi vililinganisha na jelatini ya kulipulia, yaani baruti kali ya nitrogliserini. Siku hizi kipimo cha kawaida ni ANFO yenyewe. Mwanafunzi akichukua namba kutoka huku na kuijumlisha na ya kule, hesabu yake yote imeharibika, na atakayeumia ni aliyesimama karibu na shimo.

Tazama pia kama kila baruti imeelezwa inavyostahimili maji na moshi inaoutoa. ANFO huharibiwa na maji, na shimo lenye unyevu linaweza kutoa moshi wa rangi ya chungwa wenye oksidi za nitrojeni, ambao ni sumu, hasa ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, lisilo na hewa ya kutosha.

Sura ya fataki, yaani vifaa vidogo vya kuwashia baruti, ningeiondoa kabisa katika matumizi. Mwandishi wa miaka ya 1960 alijua fyuzi na fataki za umeme, lakini hakujua fataki za mrija wa plastiki zilizotoka Sweden baadaye wala za kielektroniki, na onyo lake kuhusu mawimbi ya redio, yanayoweza kuwasha fataki ya umeme, liliandikwa kabla ya kila kibarua kuwa na simu mfukoni. Umbali wa stoo anaoutaja, kwa futi na ratili, ni wa kanuni za Marekani. Hapa Tanzania linalotawala ni Sheria ya Baruti, Sura ya 45, pamoja na maelekezo ya wakaguzi wa Tume ya Madini, na hakuna kitabu cha nje kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kitabu kibaki katika kabati la marejeo, kisiazimwe, na kitumiwe darasani chini ya mwalimu mwenye cheti cha ulipuaji. Katika sura za fataki, uhifadhi na usafirishaji, bandika karatasi inayosema wazi kwamba zisifuatwe kazini. Naomba sana jambo hili lisicheleweshwe, kwa kuwa kijana anayejifunza huamini kilichochapwa. Halafu mwombe msambazaji wa baruti wa eneo lenu karatasi za taarifa za kiufundi za kila bidhaa anayouza, zenye tarehe, muda wa kuhifadhiwa na daraja la hatari kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa, uziweke kwenye faili kando ya kitabu hicho na uzibadilishe kila zinapotoka mpya.