Maswali ya wakulima: mpunga kwenye ardhi ya chumvi

Maji ya bahari yamepanda hadi shambani kwangu, delta ya Rufiji. Mbegu iliota vizuri, lakini wiki ya pili miche ikakauka. Nimeuziwa mbegu mbovu?

Sidhani, ndugu yangu. Mpunga huvumilia chumvi zaidi unapoota kuliko ukiwa mche mchanga. Mbegu ina akiba yake ya chakula. Inachotafuta ni maji. Chumvi huyazuia yasiingie haraka, kwa hiyo mbegu huchelewa, lakini huota. Akiba ikiisha, mche hunywa kwa mizizi na sodiamu, iliyomo ndani ya chumvi, hupanda majanini: ncha hugeuka nyeupe, jani hujikunja, hukauka. Udhaifu huo hurudi wakati wa kuchanua, ndipo unavuna mapepe, yaani maganda yasiyo na punje.

Nipo Ndungu, Same. Nitajuaje mbegu inayostahimili?

Jaribu nyumbani. Kila aina ipate sahani mbili zenye kitambaa na mbegu 100 kila moja. Sahani ya kwanza itie maji matamu. Ya pili, maji yaliyochanganywa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita. Zifunike, kwani maji yakipungua chumvi hukolea. Hesabu zilizoota kila siku hadi siku ya 10, na ulinganishe urefu wa mizizi. Usiishie hapo! Ihamishie miche kwenye makopo, uendelee kuinywesha maji yale yale hadi wiki ya tatu. Nimeona wengi wakichagua mbegu kwa kuota tu, wakaja kulia kitaluni. Aina za mpunga SATO 1 na SATO 6 zilitolewa nchini kwa ajili ya maeneo ya chumvi. Zipime sambamba na aina unayopanda sasa, kama vile SARO 5.

Kisima changu kina chumvi. Niloweke mbegu humo?

Hapana. Tafuta maji ya mvua, hata ndoo moja, uloweke saa 24. Kitalu nacho kiwe penye maji matamu, na upandikize miche iliyokomaa, ya siku 25 hadi 30.

Kuna mpunga unaoota kwenye maji ya bahari yenyewe?

Hakuna ninaoujua. Hata Pokkali wa Kerala, India, unaosifika kwa kustahimili chumvi, hupandwa juu ya matuta baada ya mvua kuosha shamba.

Jaruba langu lina ukoko mweupe. Nifanyeje?

Pima udongo kwanza. Ikiwa ni chumvi ya kawaida, jaza maji matamu kisha uyatoe kwa mfereji, mara kadhaa. Ikiwa ni magadi, maji peke yake hayatoshi, utahitaji jasi (madini yenye kalsiamu). Mavuno ya mpunga huanza kushuka kipimo cha chumvi ya udongo kikivuka desisimensi 3 kwa mita, kizio ambacho maabara hutumia kupimia chumvi.