CAT ya Mtandaoni Huharibika Kabla Haijafunguliwa

Dakika tano baada ya CAT (jaribio la tathmini endelevu) kufunguliwa, kundi la WhatsApp la darasa huanza kufoka. Mmoja halioni jaribio kabisa. Mwingine amepewa dakika kumi badala ya arobaini. Wa tatu ametuma picha ya skrini yenye majibu yote sahihi, kwa hisani ya mfumo wenyewe. Mhadhiri hulaumu mtandao, na mtandao wetu una lawama zake, lakini hayo matatu hayauhusu hata kidogo. Yaliamuliwa kwenye ukurasa wa mipangilio, jioni ile jaribio lilipoandaliwa mbiombio.

Tutazungumzia Moodle, mfumo wa kufundishia na kupimia mtandaoni, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya mifumo mingi ya vyuo vya Kenya, hata pale chuo kilipoibandika jina lake chenyewe. Ukitumia mfumo mwingine, mengi ya hapa yatakufaa bado, ila vitufe utavikuta mahali pengine.

Anza na saa. Fungua wasifu wako utazame ukanda wa saa: uwe wa Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia. Akaunti iliyosahauliwa kwenye UTC huleta balaa la kimyakimya. Wewe unaandika 08:00, mfumo unaelewa 08:00 ya UTC, na mwanafunzi aliye Ngara anaona jaribio linafunguliwa 11:00. Ukirudi kukagua, skrini yako itakuonyesha 08:00 ileile, kwa hiyo kosa huwezi kuliona kwa macho yako. Halafu kuna hili letu la Kiswahili: ukitangaza "saa mbili asubuhi", andika na 08:00 pembeni, kwa maana mfumo hauhesabu saa kuanzia mapambazuko. Na usiweke saa sita usiku ya Ijumaa kuwa mwisho wa kuwasilisha kazi. Nusu ya darasa itadhani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, nusu nyingine usiku wa kuamkia Jumamosi. Weka 23:55 na tarehe, ubishi uishe.

Jaribio lina nyakati tatu: wa kufunguliwa, wa kufungwa, na dakika anazopewa kila mtu. Wengi hawajui kwamba wakati wa kufungwa hushinda dakika za mtu. Umefungua 10:00, ukafunga 11:00, ukampa kila mmoja dakika 40. Basi aliyeingia 10:50 kwa kuwa matatu ilikwama Barabara ya Thika ana dakika kumi tu, na mfumo hautamwonea huruma. Amua kwanza saa ya mwisho ya kuanza, tuseme 10:30, kisha ongeza dakika 40 upate wakati wa kufunga: 11:10. Tangaza ile 10:30.

Chini yake kuna chaguo la nini kifanyike muda ukiisha. Acha mfumo uwasilishe wenyewe kile kilichokwisha jibiwa. Kuna chaguo jingine, kwamba mwanafunzi asipowasilisha mwenyewe kabla ya muda kwisha, jaribio lake halihesabiwi. Kwa darasa linaloishi kwa bando, huo ni mtego. Stima ya mtaa ikipotea dakika ya 38, watu wanapata sifuri huku majibu yao 28 yamekaa salama kwenye seva.

Majibu hayo yamekaa kwenye seva kwa sababu Moodle huyahifadhi yenyewe kila baada ya dakika moja hivi, isipokuwa msimamizi amebadilisha, na pia kila mwanafunzi anapohamia ukurasa mwingine. Hapo ndipo idadi ya maswali kwa ukurasa inapokuwa na uzito. Maswali 30 yenye picha kwenye ukurasa mmoja huchelewa kufunguka kwenye simu ndogo. Swali moja kwa ukurasa nalo lina gharama yake: wanafunzi 300 wakifungua kurasa 30 kila mmoja, seva imeitwa mara 9,000 ndani ya dakika 40. Weka matano kwa ukurasa, ziwe mara 1,800. Na darasa la ukubwa huo lisianze kwa mkupuo. Ligawe makundi matatu, kisha tumia nafasi ya kubadilisha nyakati kwa kundi ili kila moja lianze dakika kumi baada ya jingine. Nafasi hiyohiyo ndiyo ya kumwongezea muda mwanafunzi mwenye ulemavu wa macho, au kumfungulia upya aliyekatikiwa. Hakuna haja ya kuunda jaribio la pili, ambalo litakuvurugia alama baadaye.

Sasa benki ya maswali. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zana nyingine yoyote, na ndipo wahadhiri wengi hawafiki. Wanaandika maswali kumi, wanawapa wote yaleyale, kisha wanashangaa darasa zima limepata tisa. Ukiwa na maswali 12 kwenye benki na mfumo ukamchagulia kila mmoja kumi, wanafunzi wawili waliokaa pamoja watashiriki wastani wa maswali manane. Ukiwa na 40, watashiriki mawili au matatu. Kuiga kunageuka kazi kubwa kuliko kusoma. Panga maswali kwa mada, na ndani ya mada uyatenge mepesi na magumu, kisha uambie mfumo uchote manne huku na sita kule. Ukichota kumi kutoka rundo moja lililochanganyika, kuna atakayeangukiwa na magumu matupu, na malalamiko yake yatakuwa ya haki.

Maswali 40 hayaandikwi kwa kubofya fomu moja moja. Yaandike kwenye faili la maandishi matupu, kwa muundo uitwao Aiken, uyaingize yote kwa pamoja. Swali moja huwa hivi:

Bei ya unga ikipanda na kiasi kinachonunuliwa kisibadilike hata kidogo, unyumbufu wa mahitaji ni kiasi gani?
A. Sifuri
B. Moja
C. Zaidi ya moja
D. Hauna kikomo
ANSWER: A

Swali lote likae mstari mmoja, hata liwe refu vipi. Herufi za majibu ziwe kubwa, zifuatwe na nukta na nafasi. Neno ANSWER liandikwe hivyohivyo kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, hata kama kozi ni ya Fasihi ya Kiswahili. Hilo ni neno la mashine. Acha mstari mtupu kati ya swali na swali. Unapohifadhi, chagua usimbaji wa herufi uitwao UTF-8. Faili la Word halikubaliki, na ukinakili kutoka Word tazama orodha zilizojipangia A, B, C zenyewe: herufi hizo wakati mwingine hazihami pamoja na maandishi. Mfumo ukikuta kosa kwenye swali la 17 kwa kawaida hukataa faili zima, hata yale 16 mazuri. Usiogope, rekebisha hilo moja upandishe tena.

Kama umewasha kuchanganya majibu ndani ya swali, ondoa kabisa "yote yaliyotajwa" na "A na C". Yakichanganywa, "yote yaliyotajwa" huweza kuruka juu kabisa, na "A na C" huanza kuonyesha vitu visivyo. Makosa haya hayaonekani wakati wa kuandika. Huonekana kwenye rufaa.

Kisha ile picha ya skrini yenye majibu. Kuna jedwali la visanduku linaloamua mwanafunzi aone nini na lini: akiwa anafanya, mara tu akimaliza, baadaye jaribio likiwa bado wazi, na jaribio likishafungwa. Visanduku vingi huja vimewekwa alama tayari. Ondoa alama kwenye majibu sahihi na hata kwenye alama za kila swali, kila safu isipokuwa ya mwisho. Ukiacha, wa kwanza kumaliza anakuwa mwalimu wa wengine 299.

CAT ikiisha, kabla ya kutoa alama, fungua ripoti ya takwimu. Tazama mambo mawili kwa kila swali: asilimia ya wastani waliyopata, na kipimo cha kutenganisha, yaani kama wanaofanya vizuri kwenye jaribio zima ndio wanaolipata swali hilo. Kipimo kikiwa hasi, wanafunzi bora wanalikosa na dhaifu wanalipata, na mara nyingi maana yake ni moja: umeweka jibu lisilo sahihi kuwa sahihi. Rekebisha, bonyeza kusahihisha upya, mfumo utapitia karatasi zote. Dakika tano hizo zinakuokoa foleni mlangoni mwa ofisi.

Kitabu cha alama kinastahili tahadhari moja kubwa. Chukua mwanafunzi aliyepata 16 kati ya 20 kwenye CAT ya kwanza na hakuifanya ya pili kabisa. Kwa mpangilio wa kawaida, mfumo huacha nafasi tupu nje ya hesabu, kwa hiyo wastani wake unasomeka asilimia 80. Kumbe ni asilimia 40. Mhadhiri anayepeleka alama hizo idarani bila kutazama amempandisha mtu ambaye hakuja. Zima kile kisanduku cha kupuuza nafasi tupu, au jaza sifuri kwa mkono baada ya kuhakikisha nani alikuwa na ruhusa. Na kama idara yako inahesabu 30 za CAT na 70 za mtihani, unda kundi la alama za CAT, lipe upeo wa 30, tumia wastani wenye mizani, kisha toa uzito 10 kwa kila kazi kati ya tatu. Hapo unaweza kusahihisha CAT juu ya 20 au 25 upendavyo: 15 kati ya 20 itaingia kama 7.5 bila wewe kushika kikokotoo.

Insha 180 usizisahihishe ukiwa umeunganishwa na mtandao. Kwenye mipangilio ya kazi, washa karatasi ya alama ya nje ya mtandao na mafaili ya maoni. Pakua kazi zote kwa pamoja: utapata faili moja lililobanwa, ndani yake kuna folda ya kila mwanafunzi. Sahihisha hata kwenye giza la stima kukatika, laptopu ikiwa na chaji. Mambo mawili usiyaguse: majina ya folda, na safu ya vitambulisho kwenye karatasi ya alama. Ukibadilisha jina la folda ili lipendeze, mfumo hautajua maoni ni ya nani. Alama zihifadhiwe kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, si kama faili la kawaida la Excel. Na ikiwa msaidizi wako aligusa alama kwenye mfumo baada ya wewe kupakua, safu hizo zitarukwa hadi uruhusu zibadilishwe.

Kuhusu kupokea kazi zenyewe, jua kwamba kuna tarehe ya mwisho na kuna tarehe ya kufunga mlango. Ya kwanza humpa mwanafunzi alama nyekundu ya kuchelewa tu. Asiyeweka ya pili anapokea insha hadi muhula ujao.

Video ni mahali wahadhiri wanapokuwa wakarimu kupita kiasi. Mhadhara wa dakika 50 kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde ni takriban MB 375. Wanafunzi 200 wakiupakua, ni GB 75 za bando kutoka mifuko ya watu. Sauti pekee kwa kilobiti 32 ni chini ya MB 13 kwa muda uleule, na pamoja na slaidi za PDF mara nyingi inatosha. Penye hesabu au michoro, rekodi vipande vya dakika sita hadi kumi, kimoja kwa wazo moja. Slaidi nazo, bana picha kabla ya kugeuza kuwa PDF. Picha tano za simu zisizobanwa peke yake zinaweza kufika MB 20. Waambie wanafunzi watumie programu ya Moodle ya simu, kama chuo kimeiruhusu, wapakue mada nzima wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kuisoma nyumbani bila bando.

Matangazo hutoka kwa barua pepe baada ya kama nusu saa, ili upate muda wa kusahihisha ulichoandika. Ukihamisha darasa dakika 20 kabla ya kuanza, weka alama kwenye kisanduku cha kutuma bila kusubiri, au mwambie tu mwakilishi wa darasa. Ila orodha ya alama zenye majina na nambari za usajili isipitie kwake kwenda WhatsApp. Hizo ni data binafsi, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Mfumo tayari unamwonyesha kila mmoja zake peke yake.

Kozi ukiihamisha kutoka muhula uliopita, pitia tarehe zote, moja moja. Jaribio lililofungwa Machi mwaka jana litabaki limefungwa.

Kabla ya siku yenyewe, omba kwa msimamizi akaunti ya mwanafunzi wa majaribio. Kujitazamia jaribio ukiwa mhadhiri hakutoshi, kwa sababu mfumo hukupitisha hata mlango ukiwa umefungwa. Usilipime kwa Wi-Fi ya chuo pia. Vyuo vingi hupata intaneti yao kupitia KENET, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti nchini, na kasi ya huko siyo ya mwanafunzi aliyejifungia chumbani mtaani Umoja. Chukua simu, zima Wi-Fi, ingia kwa bando. Ukifika swali la tatu zima data dakika mbili, iwashe tena, uone kama la kwanza na la pili bado yapo.