Jino la usiku, meno ya plastiki na chai iliyomwagika

Wiki hii nimechagua maswali matano. Manne ni ya kinywa, moja limetoka jikoni ila lina dawa ya meno ndani yake, kwa hiyo nalo nimelipokea.

Shikamoo daktari. Gego la chini linanitesa usiku, mchana limetulia. Jirani ananiambia niweke karafuu. Inasaidia kweli? (Msomaji, Chake Chake)

Marahaba. Inasaidia, na kwenu Pemba huna haja ya kuitafuta mbali. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi. Hata sisi tunayatumia kliniki. Ile harufu inayokupokea mlangoni kwenye chumba cha meno mara nyingi ni hayo hayo.

Kwanza sukutua kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, chakula kilichonasa kitoke. Kisha chukua punje moja, iponde kidogo, iweke juu ya jino na uing'ate taratibu. Kama una mafuta ya kichupa, tone moja kwenye pamba linatosha, na pamba iguse jino tu, maana mafuta yale yanababua fizi na ulimi. Mtoto mdogo asipewe. Ukilala bapa damu huelekea kichwani na jino likazidi kupwita, kwa hiyo panga mito miwili.

Aspirini ni ya kumeza. Ukiiweka kwenye fizi inaiunguza ikawa nyeupe. Na kuna wanaotia petroli au maji ya betri. Nilimpokea fundi magari mmoja aliyefanya hivyo: jino lilikuwa limenyamaza kweli, lakini shavu kwa ndani lilikuwa linabanduka vipande vipande.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanapopotea. Jino likiuma wiki mbili kisha likaacha ghafla, halijapona. Mshipa wake umekufa, na uozo unaendelea kushuka kimya kimya kuelekea kwenye mfupa, hadi siku unaamka shavu limejaa. Jino linaloamsha mtu usiku mara nyingi limeshafika kwenye mshipa, kwa hiyo karafuu itakuvusha hadi asubuhi tu. Asubuhi nenda kliniki. Uvimbe ukipanda chini ya jicho au ukashuka shingoni, au ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje hata hiyo asubuhi.

Mwanangu ana miezi mitano, anaharisha na ana homa. Mama mkwe amemfunua mdomo akasema ni meno ya plastiki, na kuna mama mtaani anayang'oa. Mume wangu yuko upande wa mama yake. (Mama wa mtoto wa kwanza, Dodoma)

Mtoto asipelekwe huko, tafadhali. Vile vijivimbe vyeupe kwenye fizi ni chonge zake, bado changa, zinangoja zamu yao. Mfunue mdomo mtoto wa jirani asiyeumwa, utaviona vilevile. Wanaong'oa huchimbua kwa wembe, msumari au spoku ya baiskeli, na kinachotoka ni jino halisi ambalo halijakomaa. Ni laini, ndiyo maana likaitwa plastiki. Mtoto anaweza kutoka damu isiyokoma, akapata pepopunda au sumu kwenye damu. Akinusurika, chonge za ukubwani huenda zisiote, au ziote zimepinda. Nikiona kijana wa sekondari ana pengo pande zote mbili pale penye chonge, simwulizi yeye. Namtazama mama yake, naye anatazama chini.

Mama mkwe wako hakutakii mabaya, na usimjibu kwa dharau. Ameona watoto waking'olewa na kuharisha kukaisha. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, lakini sifa ikaenda kwa spoku. Na umri nao unachangia: miezi hii mtoto anaokota kila kitu na kutia mdomoni, na nyumba nyingi ndipo zinapoanza kumwonjesha uji.

Mpeleke kituo cha afya leo hii, homa ipimwe malaria. Endelea kumnyonyesha, tena zaidi ya kawaida, na umpe maji ya ORS (dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti zikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya kurundika. Ukizidisha chumvi utamdhuru. Kituoni watampa pia zinki. Imalize siku zote ulizoandikiwa hata choo kikikaza siku ya tatu. Na mama mkwe mwombe mfuatane.

Meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Nasugua kwa mkaa na ndimu lakini wapi. (Kijana, Usa River)

Ndimu inalainisha tabaka la juu la jino, mkaa unalikwangua. Ukiendelea utabaki na meno ya kahawia yanayouma kwa maji baridi. Rangi hiyo haiko juu, iko ndani ya jino. Imetokana na madini ya floraidi kwenye maji uliyokunywa meno yakiwa bado yanajengeka, kabla ya miaka 8 hivi. Si uchafu na si kosa lako. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana madini hayo kupita kiasi, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Daktari anaweza kuyafunika kwa kijazio chenye rangi ya jino.

Wadogo zako ndio wa kuokolewa sasa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Wanywe maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ujuzi ambao kituo cha Ngurdoto, hapo hapo jirani yako, kimeufanyia kazi miaka mingi. Na magadi mnayotia kwenye makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, na magadi mtayasahau.

Nilimwagikiwa chai ya moto mkononi nikapaka dawa ya meno. Ilipooza. Nilikosea? (Msomaji, Mombasa)

Ulikosea pamoja na nusu ya mtaa. Ubaridi ule ni wa mnanaa tu. Joto linabaki chini yake, na muuguzi atalazimika kukubandua. Vua pete, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Barafu, yai na unga viache jikoni. Akiungua mtoto, au ikiwa ni usoni, nenda hospitali.

Napiga mswaki mara tatu kwa siku na bado kinywa kinanuka. Mke wangu ndiye aliyeniambia. (Msomaji, Tabora)

Lamba nyuma ya kiganja, subiri pakauke, unuse. Kisha chukua kijiko, kipindue, ukivute ulimini kutoka nyuma kuja mbele. Ule utando mweupe ndio mshtakiwa wa kwanza. Ukwangue kila usiku, pitisha uzi katikati ya meno, na ukimaliza kupiga mswaki tema tu, usisukutue, dawa ibaki. Damu kidogo kwenye fizi isikutishe ukaacha; ikizidi wiki mbili, una ukoga uliogandamana na unahitaji kusafishwa kliniki. Mswaki wa mti nao ni mzuri, ila hauna floraidi ya kutosha, ambayo kwa kiasi hulinda meno, na ulimi bado utaukwangua.

Mkeo mshukuru. Wengine hugeukia ukutani tu.