Kanivali ya Köln na mtoto: sogeza siku zako

Dada, umeuliza kama Ijumaa hadi Jumapili zinatosha kwa kanivali ya Köln, Ujerumani, ukiwa na mtoto wa miaka sita. Ningekuwa wewe, ningefika Jumamosi na kuondoka Jumanne. Jumapili kuna gwaride la shule na mitaa, limetulia zaidi. Lile kubwa, Rosenmontag, ni Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Alhamisi iache. Wanawake hukata tai za wanaume, raha tupu, ila ulevi ni mwingi mno. Beba mwavuli hata kama hakuna mvua: unaupindua kudakia peremende zinazorushwa. Mavazi ya kanivali yavaliwe juu ya koti, baridi haina utani. Hoteli lipia mapema. Na mkishangilia, semeni "Alaaf". "Helau" ni ya Düsseldorf, jiji jirani, mtazomewa!