Barua kwa mwanangu Atupele: kuhusu mbio na rambirambi

Mwanangu Atupele,

Barua yako nimeisoma, na ule ujumbe wa shangazi yako kwenye kundi la ukoo nimeuona pia. Unaniuliza kama ni kweli kwamba kukimbia marathoni ya London na kuwaomba watu wachangie Sands, shirika lililokushika mkono ulipompoteza mjukuu wangu, ni kuuza msiba. Swali lako ni la ndiyo au hapana. Mimi kila nikitaka kulijibu nakutana na jambo la daftari.

Unaijua misiba ya kwetu Rungwe. Kabla mwili haujafika nyumbani, daftari limeshafunguliwa. Kijana mwenye mwandiko mzuri anawekwa mezani karibu na njia, na kila anayeingia anataja jina lake na alichokuja nacho: elfu mbili, elfu kumi, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, mzigo wa kuni. Sijawahi kusikia mtu akisema wafiwa wanauza maiti. Babu yako alipofariki tulijaza daftari zima, na shangazi yako mwenyewe ndiye aliyelitunza. Rambirambi si aibu. Aibu ni mtu kufiwa na daftari lisifunguliwe.

Na sisi, mimi na mama yako, halikufunguliwa.

Ilikuwa Aprili, mwaka uliotangulia kuzaliwa kwa kaka yako. Mvua za kwetu unazijua, na wakati ule njia ya kutoka kijijini hadi lami ilikuwa utelezi mtupu. Mama yako alishikwa na uchungu usiku. Nikakimbia kutafuta gari. Nilikimbia gizani, viatu mkononi, naanguka nainuka, mpaka nikampata dereva wa lori la majani ya chai aliyekubali kusogea hadi pale tope lilipoanzia. Majirani wakambeba mama yako kwa machela mpaka hapo. Wewe unaniandikia habari za kilomita 42 na mita 195. Zangu hakuna aliyezipima, lakini mbio zako nazo ni za Aprili, na niliposoma mwezi huo nilikaa kimya muda mrefu.

Tulifika. Mtoto akazaliwa, hakulia. Muuguzi akamfunga kitenge, akampitisha mlango wa nyuma, akamwambia mama yako asimtazame, ataumia bure. Kisha mama yako akarudishwa wodini, kitanda cha katikati, kulia na kushoto wenzake wananyonyesha. Bibi yako na wanawake wengine walimzika siku hiyohiyo kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mimi sikuitwa. Hapakuwa na turubai, wala aliyekuja kulala matanga. Jumatatu nilikuwa darasani nafundisha hesabu, na watu walinisalimia kama siku zote. Mmoja tu ndiye aliyenisogelea akaniambia, "Mtapata mwingine." Najua alisema kwa upendo. Lakini neno lile, Atupele, bado linanichoma. Ni kweli tulipata mwingine, tukakupata na wewe, tukashukuru. Yule naye bado ni yule.

Mtu akishabebwa tumboni na mama yake, ni mtu. Mmelisikia kwangu tangu mkiwa wadogo na nitalisema mpaka nizikwe.

Sasa nisimwonee shangazi yako. Wazee hawakunyamaza kwa roho mbaya. Waliona mzazi akizama kwenye kilio anadhoofika, wakataka jambo lifungwe upesi ili ainuke, azae tena. Walikuwa wanamlinda. Na miaka yao, surua na malaria zilipokuwa zikichukua watoto masika kwa masika, pengine kijiji kisingetoka matangani mwaka mzima. Hilo nalielewa. Lakini mimi ndiye niliyemwona mama yako, miaka na miaka, akienda kukata majani ya migomba anazunguka upande wa mbali asipite pale, na hakuna mtu wa kumuuliza una nini. Ulinzi gani huo? Nalielewa, na bado nalikataa.

Uliponitumia picha ya lile sanduku la kumbukumbu ulilopewa hospitalini, lenye alama za nyayo za mjukuu wangu, mama yako alikaa na simu jioni nzima. Anaikuza picha, anaipunguza, anaikuza tena. Ndipo nikaelewa kazi ya hao Sands: masanduku hayo, simu ya bure ya kupiga mzazi anapozidiwa, utafiti wa kuzuia watoto wasife. Umesema walianza 1978. Tena kwenu huko mtoto aliyezaliwa amefariki anaandikishwa kisheria kuanzia wiki ya 24. Kabla ya 1992 ilikuwa wiki ya 28, ambayo ndiyo Shirika la Afya Duniani linaitumia mpaka leo likilinganisha nchi. Kwa hesabu hiyo ya 28, mwaka 2021 watoto kama milioni 1.9 walizaliwa wakiwa wafu duniani. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na namba hiyo nimeshindwa kuibeba. Nani aliwaandikia wazazi wao rambirambi? Na wa wiki ya 23 je? Mtu akishabebwa na mama yake, ni mtu.

Shangazi yako anauliza pia kwa nini ukimbie, usiombe tu. Kwetu msibani watu wana kazi: huyu anapasua kuni, yule anachota maji, vijana wanachimba kaburi. Yako ni kukimbia. Umbali huo ukianzia Tukuyu hufiki Uyole, si mchezo, ila London ni tambarare na miguu yako imekulia vilimani. Usianze kwa kasi. Kunywa maji kabla kiu haijakushika.

Mwisho wa barua umeuliza kama dada yako alipewa jina, na kama uliandike kwenye fulana pamoja na la mwanao. Jina analo, bibi yako alimpa. Kuhusu fulana, nina jibu langu, limenijaa kinywani tangu juzi, na mara mbili nimeliandika hapa nikalifuta. Aliyembeba ni mama yako. Nimemsomea ulichouliza, akasema atakupigia mwenyewe. Usimharakishe, wala usijaribu kunibembeleza mimi nikuambie.

Mchango wetu atautuma kaka yako. Uandike jina langu na la mama yako, kila mmoja na chake, usiandike "familia". Na Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa shangazi yako. Nitamweleza yote haya, hata yale ya wodini ambayo hajawahi kuyasikia, kisha nitamwomba na yeye atoe.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako