Dada wa Tabora, hilo kovu la begani ndilo jibu lako

Dada, usimtumie huyo fundi wa tatuu hata shilingi moja ya kushikia nafasi.

Nimesoma uzi wako mara tatu. Una miaka 49, uko Ipuli, wanao wawili wamemaliza vyuo, unataka majina yao yachorwe begani iwe zawadi yako mwenyewe, na fundi anakuja kutoka Dar mwisho wa mwezi. Umeuliza kama inauma, rangi zipi zinakubali kwenye ngozi yetu, bei ya haki ni ipi na ndugu watasemaje. Wachangiaji wamekujibu hayo. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoipitisha kama jambo dogo: kwamba kovu lako la chanjo limevimba na huwasha wakati wa joto, kwa hiyo unataka maua yapite juu yake yalifunike.

Mimi nimeshtuka mpaka mkono umetetemeka. Kovu la chanjo la kawaida hubaki alama bapa au kishimo. Lako limevuka mpaka wa kidonda chenyewe, limekuwa gumu, na bado linawasha miaka zaidi ya arobaini baada ya ile sindano. Madaktari huliita keloidi, sisi mtaani tunasema kovu limeota nyama. Sindano moja tu ya utotoni imekufanyia hivyo, halafu unataka mtu akutoboe maelfu ya matundu palepale?

Niko Ujiji, nina miaka 54. Mama yangu alifariki, na nilipotimiza miaka 50 nikaamua jina lake likae kifuani kwangu, chini ya mtulinga upande wa kushoto. Herufi sita tu. Nilipekua picha za michoro miezi minne mizima. Nilichagua mwandiko, nikachagua ukubwa, nikauliza bei kwa mafundi watatu. Makovu yangu mwenyewe sikuyakagua hata siku moja.

Na yalikuwepo. Sikio la kulia lina punje ngumu kama harage tangu nilipotoboa tundu la pili nikiwa msichana. Mshono wa uzazi uliota ukawa kama kamba. Na mama, huyo huyo ambaye jina lake nililitaka kifuani, alikuwa na nyama nyuma ya sikio, akiificha kwa kilemba maisha yake yote. Miezi yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kile kilemba. Vidole vyangu viligusa lile kovu kila asubuhi, na sikuunganisha mambo. Hii hali hutembea kwenye ukoo, dada. Waulize ndugu zako.

Fundi nilimwonyesha sikio. Namshukuru Mungu kwamba nilimwonyesha, maana nisingefanya hivyo ningekuwa najilaumu peke yangu. Alilibinya kwa vidole viwili akasema hizo ni hereni za bei rahisi. Nikamuuliza, je, na mshono? Akanijibu kwamba makovu ya kuota ni mambo ya vijana, mama mtu mzima huwezi kupata. Hapo ndipo aliponinasa, kwa sababu alichanganya kweli na uongo. Ni kweli keloidi huanza zaidi kwa watu wa miaka 10 hadi 30. Lakini kupungua si kwisha, na yeye hakuwa akizungumza na watu wazima wote wa Tanzania. Alikuwa anazungumza na mwanamke mmoja aliyekaa mbele yake na uvimbe sikioni. Mpaka leo nina hasira naye. Alikuwa na kazi yake, alikuwa na macho, na alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: acha.

Na usiniambie nilienda kwa fundi mchafu. Alivaa glavu mpya, akafungua sindano mbele yangu, akamimina wino kwenye kikombe kipya. Kila anayeshauri humu anakwambia angalia glavu, angalia sindano. Ni sawa, hayo yanakukinga na homa ya ini na UKIMWI. Kwa keloidi hayasaidii kitu. Sindano ya tatuu hushuka kama milimita 1 hadi 2, inapita ngozi ya juu inayojibadilisha kila mara na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani. Makovu hutengenezwa huko huko. Sindano safi bado ni jeraha, na ngozi yetu sisi wenye hali hii haijui kuacha kujenga ikishaanza kuziba jeraha.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa na furaha isiyosemeka. Magamba yalibanduka vizuri, jina likatoka safi, nikawatumia dada zangu picha. Mwezi wa tatu herufi ya kwanza ikaanza kuwasha usiku. Nikapaka mafuta ya nazi. Mwezi wa tano ikawa unaweza kusoma jina la mama kwa kidole, ukiwa umefumba macho. Mwezi wa nane herufi ya pili na ya tatu zilikuwa zimeungana, na leo hakuna anayeweza kusoma chochote. Mtoto wa jirani aliniuliza kama niliungua na maji ya moto. Mimi nauza mawese soko la Mwanga, nashika ndoo na madumu kutwa nzima, na ukanda wa sidiria unasugua palepale. Silali ubavu wa kushoto. Wifi yangu aliniambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuwa na la kumjibu.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Kuna mahali, sipataji, mtu mwenye koti jeupe aliniambia ataikata siku hiyo hiyo na mambo yaishe. Nikalipa. Ikapona vizuri. Kabla ya miezi sita kwisha ilikuwa imerudi, pana kuliko mwanzo. Keloidi ukiikata tu bila tiba nyingine ya kuizuia, umeipa jeraha jipya la kujengea, na mara nyingi hurudi. Hili nililielezwa baadaye na daktari wa ngozi Mwanza, nikiwa nimeshalipa.

Mwanza kutoka huku ni basi la alfajiri: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, mpaka unasahau ulichofuata. Nimeenda mara tisa. Wanachoma triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, ndani ya nyama yenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita. Ile sindano inauma kuliko tatuu nzima, nililia mbele ya kijana wa umri wa mwanangu. Imesaidia: kovu limelainika, muwasho umepungua, kimo kimeshuka kidogo. Ngozi ya pembeni imepauka. Jina halijarudi wala halitarudi. Niliuliza kuhusu mashine za mwanga za kufutia wino, akaniambia wino umeshazama ndani ya kovu, nisitafute jeraha la tatu.

Nauli, malazi na dawa, nikijumlisha, ni mtaji wa biashara ya mtu. Fundi nilimlipa sehemu ndogo mno ya hizo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: kabla hujakagua michoro, kagua makovu yako. Ukikuta hata moja lililoota nyama, huchori, popote pale. Na bega ndiyo mbaya zaidi, pamoja na kifua, mgongo wa juu, masikio na taya. Wanaosema eti umri wako umepita, waache. Mwili ni wako na miaka 49 si kosa. Kama makovu yako yangekuwa bapa, ningekuambia upime sukari, upate kwanza chanjo ya homa ya ini aina ya B, maana sisi hatukuipata utotoni na mtu mzima huchomwa dozi tatu ndani ya miezi sita, kisha uchore kwa amani.

Na ukitaka kujaribu kwanza kwa piko, usiguse ile nyeusi iliyochanganywa na dawa ya nywele. Inababua, na kwa ngozi yako lengelenge moja linatosha. Hina tupu ya majani haina neno.

Leo usiku ukitoka kuoga washa taa, simama mbele ya kioo. Pitisha kidole nyuma ya masikio, kwenye kovu la chanjo, kwenye mshono kama unao, kwenye chale za utotoni. Kesho mpigie dada yako au mama mdogo umuulize na wao wana nini. Kisha rudi humu uniandikie ulichokikuta, kabla mwezi haujaisha na huyo fundi hajafika.